Kikao cha Walio Sawa: Maaskofu Wakatoliki wa Tanzania na Baraza Lao

Agosti 1928 wakuu wa misheni za Kikatoliki Tanganyika walikusanyika Dar es Salaam kumsikiliza mgeni kutoka Roma. Arthur Hinsley, Mwingereza aliyetumwa na Baba Mtakatifu kuzikagua misheni katika makoloni ya Waingereza barani Afrika, hakuja na maneno laini. Aliwaambia kwamba pale ambapo nguvu na fedha hazitoshi kwa yote mawili, shule itangulie, hata kama kanisa litasubiri. Serikali ya kikoloni ilikwisha kuanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia viwango vyake, na Roma haikutaka Wakatoliki waachwe nyuma.

Agizo hilo lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulitekeleza. Wabenediktini walikuwa kusini, Wakapuchini wa Uswisi walikuwa Dar es Salaam, Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo na Kilimanjaro, Wakonsolata wa Italia walikuwa Iringa, na Mapadre Weupe walishika magharibi na kanda ya ziwa. Kila shirika lilikabidhiwa eneo lake na Roma, likaliendesha kwa lugha, desturi na mifuko ya kwao. Ofisa wa elimu alipotaka kujua msimamo wa Wakatoliki juu ya mishahara ya walimu, hakukuwa na mlango mmoja wa kubisha. Naamini mbegu ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania iko hapo hapo, kwenye haja ya kuwa na mtu mmoja wa kukaa na serikali na kuzungumza habari za walimu, mitaala na ruzuku. Watu wengi hudhani mabaraza haya yalizaliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kwetu, Mtaguso ulikuta kazi imeshaanza.

Tarehe 25 Machi 1953 Papa Pius XII aliunda majimbo kamili Tanganyika, Dar es Salaam na Tabora yakiwa majimbo makuu. Viongozi waliokuwa wakisimamia maeneo ya misheni kwa niaba ya Papa wakawa maaskofu wenye viti vyao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1956, likaundwa Baraza. Wazo lenyewe halikuwa geni duniani, kwani maaskofu wa Ujerumani walikwisha kukutana Würzburg mwaka 1848, lakini wakati huo hakukuwa na sheria ya Kanisa lote iliyolazimisha nchi kuwa na chombo cha namna hiyo. Sharti lilikuja baadaye. Hati ya Mtaguso kuhusu maaskofu, Christus Dominus, ilitolewa tarehe 28 Oktoba 1965, na mwaka uliofuata Papa Paulo VI akaagiza mabaraza yaundwe pale ambapo hayakuwepo. Kufikia hapo maaskofu wetu walikuwa na uzoefu wa miaka kumi. Tena, tangu mwaka 1961 walikuwa wakikaa na wenzao wa nchi jirani katika umoja ambao leo unaitwa AMECEA, wenye makao yake Nairobi.

Katika kundi la kwanza la maaskofu wa Baraza, lililojaa Wazungu, alikuwemo Laurean Rugambwa, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho katika zama hizi. Ni habari inayosimuliwa mara nyingi, na inastahili. Linalosimuliwa kidogo ni kwamba ukardinali haukumpa mamlaka ya kuwaamrisha maaskofu wenzake majimboni mwao.

Hapo ndipo muundo wa baraza la maaskofu unapowachanganya watu, hata Wakatoliki waliokulia parokiani. Askofu wa jimbo hapokei amri kutoka Kurasini, Dar es Salaam, yaliko makao makuu ya Baraza. Juu yake yuko Papa. Rais wa Baraza si bosi wake. Ni ndugu aliyechaguliwa na wenzake kuongoza vikao kwa muda. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 447 hadi ya 459, zimeuweka uhusiano huo kwa uangalifu mkubwa. Wajumbe ni maaskofu wa majimbo, maaskofu waandamizi, maaskofu wasaidizi, na maaskofu wengine waliopewa kazi maalumu katika nchi. Balozi wa Papa si mjumbe kwa cheo chake. Mkutano mkuu hufanyika angalau mara moja kwa mwaka, na kundi dogo la maaskofu huandaa ajenda na kufuatilia maazimio. Inapofika kura ya kubadili katiba ya Baraza, wanaopiga ni maaskofu wa majimbo na waandamizi peke yao, msaidizi husikiliza.

Amri inayofunga nchi nzima ni jambo zito. Baraza linaweza kuitoa katika mambo yaliyotajwa na sheria tu, au pale Roma inapoliruhusu mahususi. Inahitaji theluthi mbili ya kura za wajumbe wote wenye haki ya kupiga kura, pamoja na wale ambao hawakufika. Baada ya hapo huenda Roma kukaguliwa, na haina nguvu mpaka itangazwe. Kwa njia hii Baraza linaweza kupandisha umri wa kufunga ndoa ili iwe halali kanisani. Kwa idhini ya Roma linaweza pia kuhamishia sikukuu ya amri siku ya Jumapili, na hupanga kiwango cha thamani ambacho mali ya Kanisa ikikifikia, askofu hawezi kuiuza bila ruhusa ya wengine. Kwa mafundisho ya imani, Papa Yohane Paulo II alikaza zaidi katika hati yake ya Mei 1998: tamko lipitishwe na maaskofu wote bila kupingwa, au lipate theluthi mbili kisha likakubaliwe Roma.

Mengine yote, yaani sehemu kubwa ya kazi, hutegemea kushawishiana. Ndiyo maana ofisi ya Katibu Mkuu wa Baraza ina uzito zaidi kuliko inavyoonekana kwa nje. Maaskofu hukutana, huamua, kisha hurudi majimboni. Anayebaki na kumbukumbu za vikao, barua za wizara, idara za elimu na afya, Caritas, liturujia, haki na amani, na seminari kuu za pamoja kama Kipalapala na Segerea, ni sekretarieti. Ningemshauri yeyote anayetaka kulielewa Baraza aanzie kwenye ofisi hizo.

Uimara wa mpango huo ulipimwa baada ya Azimio la Arusha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizipeleka shule mikononi mwa Serikali, zile zile ambazo Hinsley alitaka zitangulie makanisa. Kisha ikaja zamu ya Bugando. Hospitali hiyo kubwa juu ya kilima cha Mwanza haikuwa ya jimbo moja wala shirika moja. Ilikuwa mali ya Baraza, kwa ajili ya kanda nzima ya ziwa. Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1971, na mwaka uliofuata Serikali ikaichukua. Ilirudi kwa maaskofu mwaka 1985 kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja na Serikali. Mali ya jimbo moja ingetetewa na askofu mmoja. Bugando ilikuwa na mwenye mali wa kitaifa, na mazungumzo yakawa ya kitaifa. Mwaka 1992 Baraza, pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, lilitia saini hati ya maelewano na Serikali kuhusu huduma za elimu na afya. Hati hiyo imelalamikiwa na baadhi ya Waislamu hadi leo, na malalamiko hayo yanastahili kujibiwa kwa hoja.

Sauti ya maaskofu wananchi huisikia zaidi kupitia nyaraka: ujumbe wa Kwaresima wa mwaka 2018 uliogusa uhuru wa kisiasa, au tamko la tarehe 18 Agosti 2023 kuhusu mkataba wa bandari. Uzito wa waraka kama huo unatokana na saini za maaskofu, kila mmoja akisimama kwa niaba ya jimbo lake.

Usawa huo unaonekana hata kwenye kiti cha Rais wa Baraza. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2018 aliyekikalia alikuwa Tarcisius Ngalalekumtwa, askofu wa Iringa, na Polycarp Kardinali Pengo wa Dar es Salaam alikuwa mjumbe kama wengine. Gervas Nyaisonga alifuata, akaongoza vipindi viwili vya miaka mitatu mitatu. Juni 2024 maaskofu wakamchagua Wolfgang Pisa, Mkapuchini, askofu wa Lindi. Miongoni mwa wajumbe anaowaongoza yumo Protase Kardinali Rugambwa, askofu mkuu wa Tabora.