Devopsi, makontena na usiku wa kuhesabu kura

Kila nikitaja neno devopsi mbele ya watu huku Keringet, swali la kwanza huwa: hiyo programu inauzwa pesa ngapi? Haiuzwi, ndugu yangu. Leo nimeonelea niandike historia yake kwa Kiswahili, maana nyingi nilizosoma huanzia Marekani na kuishia huko huko, na msomaji wa Kuresoi hubaki akijiuliza yeye inamhusu nini. Inamhusu sana. Nitatumia mfano ambao kila Mkenya ameukesha mbele ya televisheni au redio: usiku wa kuhesabu kura.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa miaka mingi, kampuni za programu zilikuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza ni watunzi, sisi tunaoandika programu. Kundi la pili ni waendeshaji, wanaolinda seva zisizimike. Mtunzi alisifiwa kwa kuleta mapya. Mwendeshaji alisifiwa kwa kuhakikisha hakuna kinachotikisika. Hapo ugomvi ulikuwa umeshapandwa! Mtunzi alimaliza kazi yake, akairusha upande wa pili wa ua, akaenda kulala. Saa nane za usiku programu ikianguka, anayeamshwa ni mwendeshaji. Asubuhi kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole, na mtunzi alikuwa na jibu moja tu: "Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi."

Juni 2009, John Allspaw na Paul Hammond wa Flickr, ule mtandao wa picha, walisimama mbele ya mkutano huko California wakaeleza kwamba wao huingiza mabadiliko kazini zaidi ya mara kumi kwa siku. Watu walishangaa. Wengi wao walizoea mara chache kwa mwaka, tena kwa kufunga na kuomba. Mbelgiji mmoja, Patrick Debois, alifuatilia mkutano huo kwa mtandao, na Oktoba mwaka huo huo akaitisha mkutano wake mjini Ghent akauita DevOpsDays. Jina hilo likafupishwa, na ndipo tukapata neno tulilo nalo.

Wazo lenyewe ni jepesi kulisema. Anayeandika na anayeendesha ni timu moja, na usiku wao ni mmoja. Halafu, jambo linalouma ukilifanya mara chache, lifanye mara nyingi, kwa vipande vidogo, hadi likome kuuma.

Hapa Keringet hilo halihitaji maelezo marefu. Faith Kipyegon, binti wa huku kwetu, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Rio mwaka 2016, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Mbio yenyewe huchukua kama dakika nne. Lakini nani huku hajui kwamba mguu haujifunzi kukimbia siku ya mashindano? Wanariadha wako barabarani alfajiri, ukungu haujainuka, siku baada ya siku.

Sasa tugeukie mfumo ambao kwa muda mrefu ulijifunza kukimbia siku ya mashindano.

Disemba 2007 matokeo ya urais yalisafiri hadi Nairobi kwa simu, kwa faksi na kwa karatasi mkononi. Mengine yalichelewa, na kila saa ya kimya ikajazwa na uvumi. Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa mtu wa Kuresoi au Molo, ambako nyumba zilikuwa zimeshawahi kuchomwa mwaka 1992. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Tume ya Jaji Kriegler ilisema mwaka 2008 kwamba hesabu ilikuwa imevurugika kiasi kwamba haingewezekana kujua nani alishinda, na ikapendekeza mfumo wa kisasa wa kupeleka matokeo. Basi unapoona watu wa huku wakiulizia habari za seva, usidhani ni udadisi wa mitambo.

Januari 2008, moto ungali unawaka, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliunda Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyopokea taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi. Ilikuwa hewani ndani ya siku chache. Kikundi kilichoiandika ndicho kilichoiendesha. Hakukuwa na ua katikati yao. Neno devopsi lilikuwa halijazaliwa bado, lakini mwenendo ulikuwa huo huo.

Tume mpya ya muda ilifanya vizuri katika kura ya maoni ya katiba ya 4 Agosti 2010. Matokeo ya awali yalitumwa kwa simu za mkononi, nchi ikayaona yakiingia, na upande ulioshindwa ukakubali siku iliyofuata. Wengi tulidhani kazi imekwisha.

Kisha ikaja 4 Machi 2013. Safari hii kulikuwa na kura sita kwa mpigo badala ya moja, na vifaa vipya vilivyonunuliwa kwa kuchelewa. Waangalizi walisema muda wa majaribio haukutosha. Vifaa vya kutambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi. Matokeo yalianza kumiminika kwenye skrini ya Bomas, kisha yakakwama, na tume ikarudi kwenye karatasi. Kabla ya hapo watu walishaanza kuuliza mbona kura zilizokataliwa zimepita laki tatu. Tume ilikuja kukiri kwamba dosari katika programu ilikuwa ikizizidisha mara nane! Idadi halisi ilikuwa 108,975. Mshindi alitangazwa tarehe 9 Machi, siku tano baada ya kura.

Katikati ya mwezi huo huo wa Machi 2013, huko California, kijana aitwaye Solomon Hykes alipanda jukwaani kwa dakika tano akaonyesha kifaa kiitwacho Docker. Hapa ndipo makontena yanapoingia kwenye hadithi yetu.

Ukisimama Salgaa kwenye barabara kuu ya Nakuru, utaona malori yenye makontena kutoka Mombasa yakielekea Uganda, Rwanda na Kongo. Zamani mizigo ilipakiwa gunia kwa gunia, mabegani mwa makuli, na kila bandari ilipakua na kupakia upya. Mwaka 1956 Malcom McLean alipakia masanduku 58 ya chuma kwenye meli Ideal X huko Marekani. Faida ya sanduku ni kwamba kreni, meli, treni na lori havina haja ya kujua ndani mna nini. Vyote vinashika pembe zile zile.

Kontena la programu ni hivyo hivyo. Ndani yake unaweka programu pamoja na kila inachohitaji, kisha unalifunga. Likifanya kazi kwenye kompyuta yangu hapa Keringet, litafanya kazi vivyo hivyo kwenye seva ya Nairobi. Ile "kwenye kompyuta yangu inafanya kazi" ikapungukiwa nguvu. Ufundi wa ndani haukuwa mpya. Unix ilikuwa na amri ya kuitenga programu kwenye kona yake tangu 1979, na wahandisi wa Google walianza mwaka 2006 kuandika sehemu ya Linux inayoigawia kila programu fungu lake la kumbukumbu na kichakataji. Sehemu hiyo iliingia rasmi katika Linux Januari 2008, mwezi ule ule wa Ushahidi. Docker iliufanya ufundi huo uwe rahisi kwa mtu wa kawaida.

Kontena moja ni rahisi kulilinda. Je, elfu moja? Juni 2014 Google ilitangaza Kubernetes, jina la Kigiriki lenye maana ya nahodha, na toleo la kwanza kamili likatoka Julai 2015. Kazi yake ni kuratibu makontena. Humwambii fanya hiki kisha kile. Unamwambia unachotaka kuona: "nataka nakala tano za programu hii ziwe hai wakati wote." Yeye huhesabu bila kuchoka, kama mchungaji anayehesabu ng'ombe jioni. Wakiwa pungufu, hatulii mpaka idadi itimie. Seva moja ikifa, makontena yake huamshwa kwenye seva nyingine. Watu wakifurika, unaweza kumwachia aongeze nakala mwenyewe.

Je, haya yangeokoa usiku wa 2013? Nijibu kwa uaminifu: nusu tu. Seva ikielemewa, uratibu wa makontena ungesaidia. Lakini dosari ya kuzidisha mara nane, ukiifungia ndani ya kontena, itazidisha mara nane vizuri kabisa, tena kwenye nakala tano! Dawa ya dosari hiyo ni utamaduni: jaribio dogo linaloendeshwa kila mara programu inapoguswa, na macho mengi yanayotazama mapema. Watu wengi hununua kontena wakisahau utamaduni, halafu wanashangaa.

Mwaka 2017 ulitufunza sura nyingine. Siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume, aliuawa. Hakuna mtambo unaoziba pengo la namna hiyo, na ni vizuri sisi wa kompyuta tukumbuke kwamba mfumo ni watu kwanza. Kura zilipigwa 8 Agosti katika vituo 40,883, na tume ilikuwa imesema 11,155 kati ya hivyo havina mtandao wa 3G wala 4G. Nahodha wako awe hodari namna gani, hawezi kuratibu mawimbi yasiyokuwepo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliamuru seva zifunguliwe zikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo, na 1 Septemba 2017 uchaguzi wa urais ukabatilishwa. Kwa lugha yetu ya kazi: mfumo usioweza kuonyesha kumbukumbu za kilichotokea ndani yake hauaminiki, hata kama hesabu zake ni sahihi.

Agosti 2022 tume ilibadilisha mkondo. Picha za Fomu 34A kutoka vituo 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti wazi, na yeyote mwenye bando aliweza kupakua fomu ya kituo chake akailinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni. Vyombo vya habari vilijumlisha vyenyewe. Bado makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo ya mwisho, na kesi ikaenda tena mahakamani, ambako tarehe 5 Septemba matokeo yalithibitishwa. Uwazi haukumaliza ubishi, lakini uliupa ubishi karatasi za kushika.

Linganisha na M-Pesa. Ilizinduliwa 6 Machi 2007, mwaka ule ule wa uchaguzi ulioharibika. Seva zake zilikaa Ujerumani hadi 2015 zilipohamishiwa Kenya. Usiku wa kuamkia 22 Septemba 2025 Safaricom iliuhamishia kwenye mfumo mpya wa mtindo wa wingu, ambao ilisema unabeba miamala 6,000 kwa sekunde na unaweza kupanuliwa hadi 12,000. Nayo imewahi kukwama, tena mara kadhaa. Lakini nchi ni ile ile, minara ni ile ile, hata wahandisi wamesoma vyuo vile vile. Kwa nini huyu huamka na huyu huanguka? Kwa maoni yangu, kwa sababu M-Pesa hupiga kura kila sekunde. Mkulima wa viazi akikosa pesa zake leo, atapiga simu leo, na mtu ataitafuta dosari leo. Mfumo wa uchaguzi hukaa kabatini miaka mitano, timu hutawanyika, mkandarasi hubadilishwa, kisha tunautaka ukimbie mbio za fainali.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Tume yenyewe ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Chaguzi ndogo za 27 Novemba 2025 zilikuwa nafasi ya mazoezi, na kila uchaguzi mdogo unaokuja ni nafasi nyingine. Ningependa kuona mfumo mzima ukiendeshwa hadharani kila robo mwaka, kwa kura za kuigiza kutoka vituo halisi, pamoja na vile vya Kuresoi visivyo na mtandao, na dosari zote zichapishwe. Zikionekana mapema zitatuaibisha kidogo tu. Zikionekana usiku ule, sisi wa huku tunajua bei yake.

Na wewe unayeandika programu ya sako au ya kiwanda cha chai, usisubiri Kubernetes. Anza na haya: ingiza mabadiliko madogo kila wiki, andika jaribio kwa kila dosari uliyoiona, na simu ya usiku ipokewe na aliyeiandika. Kontena litakuja baadaye, likikuta nyumba imeshapangwa.

Wakati mwingine, Mungu akipenda, nitaonyesha jinsi ya kufunga programu ndogo ndani ya kontena hatua kwa hatua. Kwaherini kwa sasa.