Kujifungua na Kufungwa

Kiswahili kina neno lake kwa tendo la kuzaa: kujifungua. Miezi tisa mwanamke amefungwa na mzigo, kisha siku moja anajifungua mwenyewe. Lakini katika nyumba nyingi za pwani, na za bara pia, saa chache baada ya kujifungua mwanamke huyo hufungwa tena. Kanga hukunjwa mara tatu au nne, hupitishwa chini ya mgongo, huvutwa na mikono yenye nguvu na kukazwa juu ya tumbo ambalo bado ni laini kama donge la unga. Mwenye mikono hiyo ni mkunga, au somo, au mama mkwe. Mzazi akilalamika huambiwa avumilie, maana tumbo lisipofungwa litaachia.

Neno hilo, kuachia, ndilo lililonishika. Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia yale yanayotokea katika mwili wa mwanamke baada ya mtoto kutoka, pale ambapo vitabu vingi vya historia ya uzazi huhamia kwa mtoto na kumwacha mama kitandani. Nilitaka kujua ni kitu gani hasa kinachoachia. Je, waliokifunga, waliokilaza na waliokifanyisha mazoezi kwa karne kadhaa walikuwa wanashughulikia jambo moja, au kila mmoja alikuwa na tumbo lake kichwani?

Tuanze na mwili wenyewe. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka sambamba, kutoka kifuani na kwenye mbavu hadi mfupa wa kinena. Katikati yake, kupitia kitovuni, kuna ukanda wa nyuzi ngumu ambao madaktari waliupa jina la Kilatini, linea alba, yaani mstari mweupe. Huo ndio uzi unaoshona upande wa kulia na wa kushoto. Mimba inapokua, homoni hulainisha nyuzi hizo na mfuko wa uzazi huzisukuma kwa ndani. Mstari hutanuka na kuwa mwembamba, na misuli miwili husogea mbali na mwenzake. Kwa kawaida hakuna kinachochanika. Baada ya kuzaa, ukilala chali na kuinua kichwa kidogo, unaweza kuingiza vidole viwili, vitatu au zaidi katika pengo hilo. Jina lake la kitabibu ni daiastasisi, neno la Kigiriki lenye maana ya kutengana.

Wanawake walilijua pengo hili kwa mikono yao kabla halijapewa jina la Kigiriki. Bibi yangu, ambaye amefunga matumbo mengi kule Tanga, halizungumzii kabisa suala la misuli. Kwake kanga ina kazi tatu: kuzuia hewa isiingie tumboni, kutuliza chango la uzazi, na kumpa mzazi mgongo wa kuegemea wakati wa kunyonyesha. Kufunga kulikwenda pamoja na kukandwa kwa maji ya moto, uji wenye pilipili manga, na siku arobaini za kukaa ndani. Kanga ilikuwa kipande kimoja tu cha mpango mzima.

Mpango huo haukuandikwa sana. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliandika mambo mengi ya mimba na uzazi katika kitabu chake cha desturi za Waswahili, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Ni hazina. Lakini Mtoro alikuwa mwanamume, na chumba cha mzazi ni chumba cha wanawake. Elimu ya mle ndani ilihifadhiwa kwenye mikono, na mikono haiachi nyaraka. Ushahidi mwingine umebaki katika lugha. Kibwebwe ni kipande cha nguo ambacho mwanamke hujifunga kiunoni anapocheza ngoma au anapofanya kazi nzito. Leo hata mwanasiasa hutuambia tujifunge kibwebwe, wala hakuna anayemwazia kiuno. Anayetaka kujua kama watu wa pwani waliona uhusiano kati ya kiuno kilichokazwa na nguvu ya kufanya kazi, jibu liko katika msemo huo.

Wala hatukuwa peke yetu. Malaysia na Indonesia wana bengkung, kitambaa kirefu kinachozungushwa kutoka nyonga hadi mbavu. Meksiko wana faja. Wauguzi wa Ulaya nao walifunga matumbo ya wazazi kwa bandeji pana. Watu wa pande mbalimbali za dunia walifikia suluhisho moja, kwa sababu mwili ulikuwa umewauliza swali moja.

Ulaya, hata hivyo, ilikuwa na dawa nyingine iliyopewa uzito zaidi: kitanda. Mzazi mwenye uwezo alilazwa chali kwa siku nyingi, madirisha yakafungwa na moto ukawashwa. Mwaka 1773 Charles White, daktari wa Manchester, alichapisha kitabu akipinga desturi hiyo. Alitaka madirisha yafunguliwe, shuka zibadilishwe, na mzazi aketishwe mapema badala ya kulazwa chali siku kwa siku. Hofu yake kubwa ilikuwa homa ya uzazi, iliyoua wengi, wala hakuwa akifikiria pengo la misuli. Lakini alikuwa ameuliza swali ambalo lingechukua zaidi ya miaka 150 kujibiwa: je, kulala kunaponya?

Hospitali hazikuwa na haraka ya kumsikiliza. Hadi miaka ya 1930, kulala wiki nzima au zaidi baada ya kuzaa kulikuwa jambo la kawaida katika wodi za Uingereza na Marekani. Kilichovunja desturi hiyo kwa sehemu kubwa ni vita. Vitanda vilikuwa vichache, wauguzi walikuwa wachache, na wagonjwa walioamshwa mapema kwa kukosa nafasi hawakudhurika kama ilivyotabiriwa. Mwaka 1944 daktari William Dock aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani kuhusu madhara ya kulazwa kitandani. Mwaka 1947 Richard Asher naye aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya hatari za kwenda kulala. Damu huganda miguuni, misuli husinyaa, mapafu hujaa. Kitanda, kilichokuwa dawa, kikageuka mshukiwa.

Kabla ya hapo, mwanamke mmoja alikuwa ameshaanza njia ya tatu. Minnie Randell, muuguzi na mtaalamu wa mazoezi tiba katika hospitali ya St Thomas's, London, alikuwa akiwafundisha wazazi mazoezi wakiwa bado wodini. Alishirikiana na mcheza dansi, Margaret Morris, na mwaka 1936 wakatoa kitabu cha mazoezi ya wazazi na ya watu waliofanyiwa upasuaji. Naona jambo kubwa katika ushirikiano huo. Mwanamke aliyezaa alitazamwa kwa macho ya mtu ajuaye mwili unavyosogea, na si ya daktari peke yake. Mwaka 1948, huko California, Arnold Kegel alichapisha mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo, na jina lake likabaki kwenye mazoezi hayo hadi leo.

Pengo la tumbo lilimpata msemaji wake mwaka 1976. Elizabeth Noble, mtaalamu wa mazoezi tiba aliyezaliwa Australia na kufanya kazi Marekani, alitoa kitabu cha mazoezi ya mwaka wa uzazi. Ndani yake alimfundisha mwanamke kujipima pengo kwa vidole vyake mwenyewe. Alimfundisha pia kuinua kichwa taratibu huku mikono yake, iliyopishana juu ya tumbo, ikivuta misuli miwili ikaribiane. Baadhi ya wataalamu hutumia shuka au taulo badala ya mikono. Tazama picha ya zoezi hilo na utamwona bibi wa Tanga: kitambaa, mvuto kutoka pande mbili, tumbo katikati. Tofauti iko kwa mvutaji. Kwa Noble, mzazi anavuta mwenyewe, tena misuli yake ikiwa kazini wakati huohuo.

Baada ya hapo likaja joto la marufuku. Mwaka 1996 Paul Hodges na Carolyn Richardson, wa Brisbane, walionyesha kwamba kwa watu wenye maumivu ya mgongo, msuli wa ndani kabisa wa tumbo, ule unaozunguka kiuno kama mshipi, huchelewa kufanya kazi. Kutoka hapo wakufunzi wengi walijenga sheria: zoeza msuli wa ndani tu, na mzazi asijikunje kuinuka kutoka sakafuni, la sivyo pengo litapanuka. Kizazi kizima cha akina mama kikaogopa hata kunyanyuka kitandani.

Vipimo vya karibuni vimeipunguza hofu hiyo. Mwaka 2015 Patrícia Mota na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 84 wa Ureno waliopimwa kwa ultrasaundi. Katika wiki ya 35 ya mimba, wote walikuwa na pengo. Miezi sita baada ya kuzaa, asilimia 39 bado walikuwa nalo. Mwaka 2016 watafiti wa Norway walitoa matokeo ya wanawake 300 waliozaa mtoto wa kwanza: wiki sita baada ya kuzaa asilimia 60 walikuwa na pengo, na baada ya mwaka mmoja asilimia 33. Wenye pengo hawakuwa na maumivu zaidi ya kiuno na mgongo kuliko wasio nalo. Mwaka huohuo Diane Lee na Hodges waliona kwamba kujikunja hukaribisha misuli miwili badala ya kuitenga, na kwamba upana wa pengo si kila kitu. Kukaza kwa ule mstari nako kuna maana. Mwaka 2023 jaribio jingine la Norway liliwapa wanawake wenye pengo mazoezi ya kujikunja kwa wiki 12. Pengo halikuongezeka, na misuli yao iliimarika.

Kama kila mwanamke wa Ureno aliyepimwa alikuwa na pengo kabla ya kuzaa, basi pengo lenyewe haliwezi kuitwa ugonjwa. Ni namna tumbo linavyompisha mtoto. Wengi hurudi wenyewe kiasi kikubwa katika wiki za mwanzo, wengine hubaki na upana fulani na kuishi vizuri. Wako wanaohitaji msaada wa kweli: mwenye uvimbe unaojitokeza kitovuni, mwenye maumivu yasiyokwisha, anayevuja mkojo akikohoa, asiyeweza kubeba ndoo. Hao ndio historia hii iliwasahau, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye umbo.

Na hapo ndipo penye uchungu. Bibi alifunga kwa ajili ya hewa, chango na mgongo. Siku hizi mikanda inauzwa mitandaoni kwa ahadi ya kurudisha tumbo la usichana, na binti aliyezaa wiki tatu zilizopita anaulizwa kama kuna mwingine humo ndani. Kitambaa ni kilekile, lakini kimebadilisha mwajiri. Zamani kilimtumikia mzazi. Sasa kinawatumikia wanaomtazama. Akishindwa kurudi kama alivyokuwa, lawama ni yake: hakufunga vizuri, hakuvumilia, alikula ovyo. Mkanda unaweza kumpa nafuu ya kusimama na kutembea siku za kwanza, jambo ambalo si dogo kwa aliyepasuliwa. Lakini kanga haishoni nyuzi zilizotanuka. Nyuzi hukaza kwa muda, na kwa misuli inayorudi kazini polepole.

Muda, basi, ndio swali lenyewe, na hapa sioni aibu kusema arobaini ilikuwa na akili. Siku arobaini ni karibu wiki sita, kipindi kilekile ambacho kliniki hukitumia kwa uchunguzi wa mzazi. Katika siku hizo mtu mwingine alichota maji, mtu mwingine alitwanga, mtu mwingine aliamka usiku. Tumbo lilipumzishwa mzigo kwa sababu kulikuwa na watu wa kuubeba. Siisifu arobaini yote. Ilimfungia mwanamke ndani, na mwenye homa alicheleweshwa kufika hospitali kwa sababu hajatoka. Hata hivyo ilikuwa na kitu ambacho mkanda wa mtandaoni hauji nacho: mikono ya watu wengine.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Ni zaidi ya arobaini mbili. Lakini sheria inamsubiri mwenye mwajiri. Mama lishe, muuza mboga na mkulima wa mihogo hawana wa kumwandikia barua. Mwenye chumba cha kupanga mjini, mbali na mama na shangazi, hana arobaini ya sheria wala ya ukoo. Siku ya kumi anainua ndoo ya lita ishirini, na jioni anajifunga kanga kwa mikono yake mwenyewe, akitumaini kwamba kitambaa kitafanya kazi ya watu wanne.

Katika kliniki ya wiki ya sita mtoto hupimwa uzito na kuandikwa kwenye kadi. Kumlaza mama chali, kumwambia ainue kichwa na kumgusa tumbo kwa vidole viwili hakuchukui hata dakika mbili, wala hakuhitaji mashine. Kisha aulizwe kama anavuja mkojo, kama mgongo unamsumbua, na nani anamchotea maji nyumbani. Swali la mwisho halimo kwenye vitabu vya misuli, lakini wakunga wa zamani wangeanza nalo.