Ndege wa mpunga na mikataba ya Geneva



Kila mwaka, tarehe 12 Juni, dunia inakumbuka siku ya kupinga kazi ya watoto. Mimi kila ikifika hiyo siku nakumbuka karatasi moja niliyoijaza kwa uongo.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza lisansi ya agronomia. Mradi mmoja ulinipa kazi ya wiki chache: kuandikisha wakulima wa mpunga watakaopewa mbegu. Kwenye karatasi kulikuwa swali hili: je, kuna watoto wanaofanya kazi katika shamba? Ilikuwa siku ya masomo, saa nne ya asubuhi. Mbele yangu watoto wanne walikuwa wanapiga makopo na kurusha mawe kwa manati ili kufukuza ndege. Mdogo wao hakuzidi miaka minane. Nikamuuliza mwenye shamba. Akanijibu: "Injenia, hawa hawafanyi kazi, wako wananisaidia tu. Ukiandika ndiyo, mbegu inaenda kwa mwingine, na watoto kesho watarudi hapa hapa." Nikaandika "hapana".

Tangu pale najiuliza: hizi juhudi za mataifa zimemsaidia nani? Ili kujibu, lazima tuanze mbali kidogo, ju Maniema yetu imeziona karibu zote.

Ya kwanza ilikuwa ya utumwa. Tarehe 2 Julai 1890, huko Brussels, mataifa yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Wakati huo Lokandu iliitwa Riba Riba, na wafanyabiashara wa Kiswahili ndio waliotawala mto. Siku kumi tu baada ya mkataba, tarehe 12 Julai, dola la mfalme Léopold II likatoa amri: watoto waliookolewa na walioachwa wawe chini ya ulezi wa dola. Wakapelekwa kwenye vituo vya watoto, Boma na Nouvelle-Anvers, wafundishwe. Wafundishwe nini? Zaidi ya yote, uaskari. Mtoto alitolewa kwa bwana mmoja akakabidhiwa kwa mwingine, na kwenye karatasi akaandikwa huru.

Ya pili ilitoka Geneva. Shirika la Kazi Duniani lilianzishwa mwaka 1919, na mwaka ule ule likakataza watoto chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani. Mwaka 1921 likaongeza mkataba wa kilimo: mtoto wa umri huo asifanye kazi ya shamba katika saa za masomo. Vizuri sana. Lakini kulikuwa mlango wa nyuma: taifa lenye makoloni liliweza kusema kwamba hali ya kule hairuhusu mkataba utumike.

Na kule kwetu hali ilikuwa gani? Tangu mwaka 1917 Wabelgiji walikuwa wameanza kilimo cha lazima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kujaribiwa pamba. Kwenye daftari liliandikwa jina la mwanaume mzima. Mkataba wa kazi ya lazima wa mwaka 1930 nao ulisema wazi kwamba wa kulazimishwa ni wanaume tu, wa miaka 18 hadi 45. Sasa, sisi tuliosoma agronomia tunajua pamba ni nini. Inapaliliwa mara kwa mara, inachumwa kwa vidole, kitunda kwa kitunda, kwa wiki nyingi. Mwanaume mmoja hawezi kuyamaliza hayo na huku analima chakula cha nyumba. Kama pamba haikutimia, alingojwa na kifungo ao fimbo. Basi mama alichuma, watoto walichuma, watoto walibeba vikapu. Daftari la serikali liliona mtu mmoja, lakini shambani walikuwa sita. Karatasi niliyojaza mimi ni mjukuu wa daftari lile.

Ya tatu ni ya wakati wetu. Mkataba wa mwaka 1973 ulihusu umri wa chini wa kuanza kazi; ule wa 1999 ulihusu kazi mbaya kuliko zote, pamoja na kuingiza watoto vitani kwa nguvu. Nchi yetu iliukubali yote miwili mwaka 2001, vita ikiwa bado inawaka. Hapa lazima niseme ukweli bila wivu: kuna sehemu ilifanya kazi. Sisi wa Lokandu, tuliokua karibu na kambi ya jeshi, tunajua neno "kadogo" lina maana gani. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 kwa kosa la kutumia watoto vitani Ituri. Mwaka huo huo serikali na Umoja wa Mataifa walitia sahihi mpango wa kutoa watoto jeshini, na mwaka 2017 jeshi la taifa likaondolewa katika orodha ya wanaowaandikisha watoto. Makundi yenye silaha bado yanawachukua, ndiyo, lakini kwa jeshi la serikali jambo lilibadilika. Juu ya nini? Kwa sababu huko mkosaji ana jina, ana cheo, ana mkubwa wake. Unaweza kumwita na kumwambia acha.

Angalia sasa machimbo. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria juu ya madini ya vita. Mwezi wa Septemba mwaka ule rais Kabila akafunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Ni kweli kwamba watoto walikuwa machimboni, na shimo si mahali pa mtoto. Lakini baba naye alikuwa anaishi kwa kasiterite, na yeye ndiye alikuwa analipa minervali. Ukimfungia baba kazi bila kumpa nyingine, mtoto umempunguzia nini? Anatoka kwenye shimo, anaingia kwenye shamba ao kwenye soko na beseni kichwani, mahali ambapo hakuna wa kumhesabu.

Hesabu za dunia zenyewe zinaonyesha hivyo. Mwaka 2000 watoto wafanyakazi walihesabiwa milioni 246. Mwaka 2024 walikuwa milioni 138. Ni maendeleo makubwa, tusiyadharau. Lakini mataifa yalikuwa yameahidi kwamba mwaka 2025 atakuwa hayuko hata mmoja. Karibu milioni 87 kati yao wako Afrika kusini ya Sahara, na kwa dunia nzima 61 kati ya kila 100 wako kwenye kilimo. Wengi wao hawana bwana. Bwana wao ni Papa na Mama, na bwana wa Papa na Mama ni njaa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: mkataba unamshinda mkosaji mwenye jina, lakini haujui kupambana na kazi inayotoka kwenye uhaba wa mikono nyumbani. Hiyo inashindwa kwa vitu vingine. Masomo ya primeri ya bure, yaliyoandikwa kwenye katiba ya 2006 na kuanza kweli Septemba 2019, yamemwondolea mzazi sababu moja kubwa, hata kama madarasa yamejaa na walimu wanalia mishahara. Mashini ya kukoboa mpunga, pale inapofika, inawatoa wasichana kwenye kinu bila hotuba yoyote.

Na ndege? Hapo ndipo kazi yetu, ndugu agronomu. Wakulima wa bonde moja wakipanda mbegu ya muda mmoja, wiki moja, mpunga unakomaa pamoja. Ndege wanagawanyika kwenye mashamba yote na siku za kulinda zinapungua. Shamba linalokomaa peke yake ndilo linaloliwa, na ndilo linalomfunga mtoto kwenye kopo tangu punje ziwe na maziwa hadi mavuno. Wakubwa wanaweza kugawana zamu. Hivi vitu havihitaji kwenda Geneva, vinahitaji kikao cha wakulima kabla ya kupanda.

Lile swali la karatasi, kama ningeruhusiwa, ningeliandika upya: watoto wangapi wanafukuza ndege hapa, kwa siku ngapi, na nani angekaa mahali pao kama wangekuwa masomoni? Kwa swali kama hilo, yule Papa asingekuwa na sababu ya kuogopa jibu. Na mimi nisingedanganya.

Wale wanne sijawasahau. Kama walikaa mpaka mavuno, mmoja wao leo hana cheti cha primeri, na kwenye ripoti ya mradi hakuwahi kuwepo. Niliyemfuta ni mimi, kwa bik yangu. Wenzangu mnaojaza karatasi kama zile, mukumbuke hivyo siku mtakaposimama kando ya shamba.