Majimoto: walinzi wa miembe na mikorosho

Majimoto ni wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi kuwa kiota juu ya mti. Wengi wetu huwachoma moto kwa sababu wanauma. Lakini nchini China, ndugu zao wamelinda michungwa kwa zaidi ya miaka 1,600. Zanzibar, miaka ya 1950, watafiti waliona minazi yenye majimoto ikipona kunguni wanaoangusha nazi changa. Chuo Kikuu cha Sokoine hapa Morogoro na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, wamewachunguza kwenye mikorosho.

Wanafanyaje kazi? Huwinda wadudu mchana na usiku, na inzi wa matunda hukwepa kutaga kwenye embe lenye harufu yao.

Kama unao shambani Msowero au jirani:

- Kata viota vya kundi moja, jioni au alfajiri, weka kwenye mfuko, kisha funga kwenye mti usio nao.
- Unganisha miti ya kundi hilo kwa kamba wapate njia.
- Usichanganye makundi mawili, watauana.
- Usipulizie dawa ya wadudu kwenye miti hiyo.

Wana kasoro pia. Hufuga vidugamba, kwa hiyo kagua majani. Wakati wa kuchuma, jipake majivu mikononi. Tena, wale chungu wadogo wa ardhini wenye askari wa vichwa vikubwa huwafukuza.

Anza na miti michache, linganisha na mingine wakati wa mavuno. Ukiona maembe yenye funza yamepungua, ongeza.