Kitabu Kilichosomewa Wengi: Wasomaji wa Nyeri na Karatina

Katika vijiji vya Nyeri vya mwanzo wa karne ya 20, kitabu kilikuwa cha kusikilizwa zaidi ya kuwa cha kutazamwa. Katika misheni ya Kiskoti ya Tumutumu, karibu na Karatina, aliyetaka ubatizo alitakiwa kwanza ajifunze kusoma. Vijana waliojifunza hivyo, walioitwa athomi, yaani wasomaji, ndio waliowasomea wasiojua herufi. Wasikilizaji nao walikuwa na la kusema. Agano Jipya la Kikuyu lilipotoka mwaka 1926, baada ya kazi ndefu ya wafasiri akiwemo Arthur Barlow wa Tumutumu, hoja kuhusu maneno na tahajia haikufungwa. Wenye lugha waliendelea kuibishania kwa miongo kadhaa.

Gazeti la Muigwithania, lililoanzishwa na chama cha siasa cha Kikuyu Central Association mwaka 1928 likihaririwa na Jomo Kenyatta, liliwapa wasomaji hao mahali pa kuandika. Barua zao zilisifu, zilikemea na kushauri. Nakala moja ilipita mikononi mwa wengi, hivyo idadi ya zilizouzwa haionyeshi gazeti lilifika wapi.

Aliyeigeuza hamu hiyo ya kusoma kuwa biashara ni Gakaara wa Wanjaũ. Alizaliwa mwaka 1921, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri, akafukuzwa Alliance High School mwaka 1940 baada ya mgomo wa wanafunzi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alianza kutoa vijitabu vyembamba vya bei nafuu, vingine vya mapenzi, vingine vya siasa, kimoja kwa Kiswahili: Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Hakuwa na ruzuku ya misheni wala ya serikali. Kijitabu kisichopendwa kilimrudia yeye mwenyewe kama hasara, na hakuna mhakiki mkali kuliko mnunuzi.

Mwaka 1952 alitoa Wĩtĩkio wa Gĩkũyũ na Mũũmbi, kanuni ya imani iliyofuata muundo wa ile ya kanisani lakini ikaitaja nchi na mababu. Hapo msomaji aliyeyachukulia maandishi yake kwa uzito kupita wote alikuwa serikali ya kikoloni: hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba mwaka huo, Gakaara alikamatwa, akakaa kizuizini miaka kadhaa, Kajiado, Manda na kwingineko. Humo aliweka shajara kwa siri.

Baada ya uhuru alirudia uchapishaji, na mtambo wake ukawa Karatina, mji wa soko ambako mteja angeweza kununua kitabu siku hiyohiyo aliyouza viazi. Jarida lake la Gĩkũyũ na Mũũmbi lilijulikana hasa kwa visa vya Wa-Nduuta, mwanamume wa mjini ambaye balaa hazimwishii. Shajara ilichapishwa mwaka 1983, na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Heshima hiyo ilichelewa. Majirani zake walikuwa wamemsoma kwa miaka karibu 40.

Usomaji wa hadhara ulionekana waziwazi zaidi mwaka 1980, Caitaani Mũtharabainĩ ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilipotoka. Mwandishi alikuwa wa Limuru, lakini riwaya ilienea kila penye Wakikuyu. Ngũgĩ mwenyewe alieleza jinsi familia zilivyokusanyika jioni kusomewa, wafanyakazi wakasomeana saa ya chakula, na katika baa wakazuka wasomaji maarufu. Msomaji wa baa alipofika penye utamu na kuona glasi yake tupu, alikiweka kitabu chini mpaka anunuliwe nyingine. Sura ilipokwisha, mjadala ulianza. Kitabu cha kusikiliza, kinachouzwa leo kama kitu kipya, hakijampata bado msomaji anayejua kulipisha hivyo.

Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri aliyesifika kwa safu ya Whispers gazetini, aliielewa hadhira hiyo. Katika miaka ya 1990 tamthilia zake za Kikuyu zilichezwa ndani ya baa, ambako mteja asiyeridhika hakungoja pazia lifungwe ndipo aseme. Mwaka 2000 Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu, na sehemu ya mabishano hayo ikahamia kwenye simu za wasikilizaji.