Umri wa Basi na Gharama Yake Halisi: Hesabu ya Usafiri wa Umma Kisangani

Bei ya kununulia basi la mjini ni mwanzo tu wa gharama yake. Baada yake huja dizeli, oili, matairi, vipuri, mishahara ya mafundi, bima, riba ya mkopo, na hasara ya siku ambazo basi hulala gereji bila kubeba abiria. Yote hayo yakijumlishwa, ikatolewa bei ya kuliuza likiwa kuukuu, kisha yakagawanywa kwa kilomita lilizokwenda, ndipo gharama halisi ya kulimiliki inapopatikana. Makala hii inadai kwamba mjini Kisangani hesabu hiyo huamuliwa zaidi na barabara, gereji na njia ya vipuri kuliko jina la kiwanda kilichounda basi.

Umri wa basi hupimwa kwa miaka na kwa kilomita. Nchini Marekani, basi kubwa la mjini linalonunuliwa kwa fedha za serikali kuu hutakiwa kutumika angalau miaka 12 au maili 500,000, yaani takriban kilomita 800,000. Kiwango hicho kimewekwa kwa magari yaliyoundwa tangu mwanzo kubeba abiria, kwenye lami, yakirudi kila usiku kwenye gereji yenye vifaa. Katika miji ya Kongo mambo yamekuwa tofauti. Kinshasa ilitegemea kwa miaka mingi magari ya mizigo ya Mercedes yaliyotobolewa madirisha na kufungwa mabenchi, ambayo wakazi waliyaita “esprit de mort”, roho ya mauti. Mwaka 2013 serikali iliunda shirika la Transco ili mji huo upate tena mabasi yaliyoundwa kuwa mabasi.

Kisangani ina masharti yake. Mji una komuni sita. Tano, yaani Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani, ziko ukingo wa kulia wa Mto Kongo; ya sita, Lubunga, iko ng’ambo, na hakuna daraja linaloziunganisha. Basi linalohudumia Lubunga haliwezi kurudi kila jioni kwenye gereji ya Makiso, kwa hiyo mji huu unahitaji gereji mbili au ukubali ukingo mmoja ukose mabasi. Tena mji uko karibu sana na ikweta na mvua hunyesha miezi yote. Njia nyingi nje ya katikati ya mji ni za udongo: mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka siku chache ni vumbi jekundu.

Athari ya njia kama hizo ilipimwa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza walifuatilia magari nchini Kenya, wakaonyesha kwamba matumizi ya vipuri na matairi hupanda kadiri barabara inavyokuwa mbovu, na kwamba gharama ya vipuri huongezeka gari linapozeeka. Utafiti huo ni miongoni mwa misingi ya mifano ya hesabu ambayo Benki ya Dunia iliitumia baadaye kupanga barabara.

Chini ya basi, jambo hilo huanza na kitu kidogo. Gari likipita mashimoni kila siku, boliti zinazobana springi kwenye ekseli hulegea. Zisipokazwa, boliti ya katikati hukatika, ekseli husogea upande, na tairi huanza kulika ukingo mmoja. Kazi ya dakika chache kwa spana imegeuka kuwa springi mpya na matairi mawili. Chujio la hewa nalo ni vivyo hivyo: likijaa vumbi injini hukosa pumzi na kula dizeli zaidi, likitoboka, vumbi husaga ringi na silinda, na injini iliyotarajiwa kudumu miaka kumi hufunguliwa mapema mno.

Kipuri kinachokosekana gerejini huwa na safari ndefu. Kikipitia Matadi na Kinshasa, hupanda mto takriban kilomita 1,700 kwa boti. Kikitoka Mombasa, hupitia Uganda na kufuata barabara ya taifa namba 4 katikati ya msitu wa Ituri. Wakati huo wote basi halina mapato, ilhali mkopo na mishahara havisubiri. Ndiyo maana mabasi ya aina moja, yanayoshirikiana vipuri, na ghala lenye mikanda, vichujio, bitana za breki na bushi, vina thamani kubwa kuliko punguzo la bei dukani.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha uzito wa jambo hili. Basi kuukuu la dola 40,000 likienda kilomita 30,000 kwa mwaka kwa miaka 4, bei yake pekee ni takriban senti 33 kwa kilomita. Basi jipya la dola 90,000 likienda kilomita 45,000 kwa mwaka kwa miaka 12, ni takriban senti 17. Lakini hilo jipya likiachwa bila matunzo likafa baada ya miaka 4, bei yake hupanda hadi senti 50. Basi la gharama kubwa lisilotunzwa ndilo ghali kuliko yote.

Historia inathibitisha hoja ya barabara na gereji. Mwaka 1955 Léopoldville, Kinshasa ya leo, ililetewa mabasi 12 ya gyrobus kutoka Uswisi, yaliyoendeshwa na gurudumu zito lililozungushwa kwa umeme vituoni. Madereva walikatiza njia za udongo, mvua ikazigeuza tope, na giabosi na beringi zikachoka haraka. Mwaka 1959 huduma hiyo ilikoma. Dar es Salaam ilianzisha mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, lakini gereji yake kuu ikawekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko ya mara kwa mara yakaharibu mabasi. Hitilafu haikuwa katika magari peke yake.

Wapo wanaotetea gari la bei nafuu kwa kuwa mtaji ni haba na riba ni kubwa. Hoja hiyo ina uzito. Kisangani ilibebwa kwa miaka mingi na toleka, baiskeli za abiria zilizopewa jina la Kilingala lenye maana ya “tupite”, kisha pikipiki zikachukua nafasi. Toleka ilidumu kwa sababu kila sehemu yake ilitengenezeka kando ya njia kwa mikono ya mjini. Funzo lake ni urahisi wa kutengeneza. Basi lenye springi imara za chuma na mfumo wa mafuta unaovumilia dizeli isiyo safi linaifaa Kisangani kuliko lile linalosubiri kompyuta ya fundi wa mbali.

Kwa hiyo ununuzi wa mabasi ya Kisangani unapaswa kuanza na njia yatakakopita na gereji ya kila ukingo, penye shimo la ukaguzi, maji ya kuoshea chini ya gari na ghala la vipuri. Kila basi liwe na daftari lake la kilomita na matengenezo. Sehemu ya nauli ya kila kilomita iwekwe katika akaunti isiyoguswa kwa mahitaji mengine, iwe ya matengenezo na ya kununua basi litakalofuata. Zabuni nazo zilinganishwe kwa gharama ya kilomita katika umri wote wa gari.