Nyanya za Kibumba na kalenda iliyovunjwa na vita

Bei ya nyanya ikipanda katika soko la Virunga, hapa Goma, akina mama wauzaji hutaja sababu mbili: mvua ao barabara. Sababu hizo mbili ndizo zinabeba historia yote ya nyanya katika milima yetu. Wasomaji wengi wanaorudi kwao huuliza mbegu ya nyanya imwagwe lini huko juu kwenye baridi. Jibu lipo, na wazee walilipata kwa kujaribu miaka mingi.

Nyanya si mmea wa kwetu. Ulitoka Amerika, Wahispania wakaupeleka Ulaya katika karne ya 16, na huku Kivu ulienea wakati wa ukoloni pamoja na kabichi na karoti. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, iliyogawa ardhi kwa walowezi. Mwaka 1933 ilizaliwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, ambayo baadaye ilikuwa na kituo Mulungu, upande wa Bukavu. Walowezi na wamisionari walifika na kalenda yao: mbegu humwagwa ndani ya nyumba mwezi wa pili ao wa tatu, kisha miche hutolewa nje mwezi wa tano, jalidi ikiisha.

Kalenda hiyo haikufaa hapa. Sisi tuko karibu na ikweta, na baridi yetu inatokana na kimo. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii kama 6. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi. Kilele cha Nyiragongo kinafika mita 3,470. Kwa kimo, Kibumba iko kati ya hizo mbili, kaskazini mwa mji. Mashambani huko hakuna jalidi ya kuua miche. Adui ni jani linalolala na maji usiku wa baridi, kwa sababu hapo ndipo mildiu huingia: madoa meusi kwenye majani, kisha tunda linageuka kahawia na kuoza. Ni ugonjwa uleule ulioharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Viazi na nyanya ni ndugu, na milima yetu imejaa viazi. Ndiyo maana mkulima mwenye akili hapandi nyanya palipotoka viazi, wala kando yake.

Kwa hiyo hesabu ya milimani inaenda kinyumenyume. Msimu A unaanza na mvua za mwezi wa tisa, msimu B mwezi wa pili, na kiangazi kinaingia mwezi wa sita. Unataka maua na matunda yakute mvua inapungua, lakini udongo bado una unyevu. Kwenye baridi, mche unakaa kitaluni wiki tano ao sita, kisha wiki nyingine kama hizo kabla ya kutoa maua. Ukirudi nyuma kutoka mwezi wa sita, unafika katikati ya mwezi wa tatu: hapo mbegu inaingia kitaluni, chini ya kivuli cha majani. Penye maji ya kumwagilia, kama kando ya ziwa, unaweza kungoja hadi mwezi wa tano. Kibumba haiwezi, kwa kuwa mawe ya volkano hunywa mvua yote na mito haipo.

Lakini hesabu hii inaomba jambo moja: kukaa mahali pamoja karibu miezi mitano. Tazameni sasa tarehe zetu. Mwezi wa saba 1994, wakati wa kuvuna, wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Kibumba kwa mamia ya maelfu. Mwezi wa kumi 2013, msimu A umeanza, vita kati ya jeshi na M23 vilipita hapo. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka, na mche uliomwagwa mwezi wa tatu ulikuwa umetoka tu kitaluni. Mwisho wa 2022 watu wa Kibumba walikimbilia Kanyaruchinya, na chukudu zilizozoea kuteremsha kabichi zikateremsha magodoro.

Kisha ukaja mwaka 2025. M23 ilichukua Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili kambi zilizozunguka mji zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Kwa kalenda, ulikuwa wakati mzuri: ulibaki mwezi mmoja kabla ya kitalu. Lakini mtu aliyetoka kambini bila jembe wala mbegu hawezi kula kalenda. Na mtoto aliyeingia kambini na miaka minane, akatoka na kumi, hakuona kitalu hata kimoja kikitunzwa.

Mbegu inaweza kununuliwa mjini. Hesabu ya mwezi wa tatu hainunuliwi. Inapita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, shambani. Kama kwenu kuna mzee anayeijua, mwambieni aiseme sasa, na kijana aiandike.